IST inavuma na kutetemeka nikikanyaga mafuta kati ya 40 na 70, nikiachia inanyamaza

Mama_Goba | Jumapili, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo maana nimeshachoka kueleza nusunusu na kurudishwa nyumbani na gari ileile.

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ ya cc 1500, otomatiki, kilomita 168,000. Naishi Goba, kazini ni Posta, kwa hiyo kila siku napanda na kushuka vilima.

Tatizo lilianza mwezi wa nane. Nikitoka taratibu hakuna kitu. Ikifika 40 na mguu bado uko kwenye mafuta, inaanza kuvuma kwa chini, vuu-vu-vu-vu, kama mtu anaburuta pipa juu ya matofali nyumba ya tatu. Sakafu inatetemeka chini ya mguu wangu wa kushoto na kioo cha ndani kinacheza mpaka gari ya nyuma siioni vizuri. Kwenye 55 mpaka 65 ndiyo kali zaidi. Ikivuka 75 inapungua, karibu inaisha. Mlimani ni balaa. Lakini nikiondoa mguu kwenye mafuta tu, hata kama spidi ni ileile, kimya hapohapo.

Nilishapeleka gereji mbili. Wamebadilisha beringi za mbele zote mbili, plagi nne, na tairi zimebalansiwa mara mbili. Jumla nimeshatoa 310,000 na sauti haijasogea hata kidogo. Juzi fundi ameniambia hiyo ni giaboksi imekwisha, nitafute nyingine. Hela ya giaboksi sina, na kusema kweli simwamini. Asubuhi nabeba watoto wawili kwenye gari hii, ndiyo maana sipendi kubahatisha.

Nani amewahi kukutana na hali hii?

Barabara_Ndefu | Jumapili, saa 2:31 usiku

Pole sana dada. Hiyo ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Yangu ilifanya hivyohivyo, ukiipa mzigo inamisi na kutetemeka, ukiachia inatulia. Hizi injini za 1NZ kila plagi ina koili yake, ikifa moja unaendesha na silinda tatu. Badilisha koili utakuja kunishukuru.

Mama_Goba | Jumapili, saa 2:38 usiku

Asante kaka. Taa ya injini haijawahi kuwaka, na nguvu ya gari haijapungua, inapanda kama zamani. Koili bado inawezekana?

Probox_Kirinyaga | Jumapili, saa 3:05 usiku

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na Probox, injini ni hiyohiyo ya kwako. Ilikuwa inapiga kelele nikipanda Limuru, nikadhani ni jointi. Mekanika mmoja wa Kirinyaga Road akaingia chini akiwa na nyundo ya mpira, akagonga ekzosi kuanzia mbele mpaka nyuma gari ikiwa imepoa. Ilikuwa lile bati jembamba la kukinga joto, boliti yake imeoza, injini ikivuta linagusana na bomba. Tukalifunga na klipu ya chuma, shilingi mia mbili za Kenya. Lakini yangu ilikuwa mlio mwembamba wa bati, tsss-tsss, sio huo mvumo wako wa sakafu. Anza na vitu vya bei ndogo, dada. Giaboksi iwe ya mwisho kabisa.

Mzee_Spana | Jumapili, saa 4:20 usiku

Binti yangu, kwanza pole. Nina miaka mingi kwenye kazi hii mtaa wa Gerezani, Dar, na kinachoniuma ni kuona mtu anabadilishiwa vipuri ndipo gari ichunguzwe baadaye. Beringi mbovu haitulii ukiachia mafuta. Inavuma ukikanyaga, ukiachia, hata ukiweka N, kwa sababu tairi bado inazunguka. Maelezo yako peke yake yalitosha kukuokolea hizo beringi.

Sauti ya gari inayotoka wakati wa kukanyaga mafuta ina mabwana watatu tu: mzunguko wa injini, mwendo wa tairi, au mzigo, yaani nguvu inayopita kwenye vyuma. Kabla hujanunua hata nati, jua inamtii bwana gani. Kesho fanya haya. Tafuta barabara tulivu, na awepo mtu wa kukaa nawe.

La kwanza, gari ikiwa imesimama kwenye P, panda taratibu mpaka mzunguko 3,000. Ukisikia sauti yako hapo, tunaangalia mkanda, pampu ya maji, ekzosi, vitu vya injini. Usipoisikia, usihitimishe bado, maana injini hapo haina mzigo.

La pili, ukiwa 60 na inavuma, achia mafuta uweke N, gari iteleze. Usizime injini hata kwa sekunde moja, usukani utakuwa mzito na breki zitakosa msaada. Ikinyamaza, tairi na beringi zimetoka kwenye kesi.

La tatu ndilo ninalolipenda. Ukiwa 60 inavuma, bonyeza kile kitufe cha ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa, kwenye mkono wa gia. Gia itashuka, injini itapanda, spidi ibaki 60. Sikiliza vu-vu-vu inakwenda kasi zaidi pamoja na injini, au inabaki na mwendo wake. Ikipanda na injini, shida iko upande wa injini, na hapo koili ya Barabara_Ndefu inaweza kuwa kweli. Ikibaki palepale, shida iko baada ya giaboksi, kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na tairi.

La nne, ukiwa 60 unakanyaga kidogo tu na inatetemeka, gusa breki kwa mguu wa kushoto kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa za nyuma, mguu wa kulia usitoke kwenye mafuta. Giaboksi za otomatiki zina klachi ya kufunga konveta, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye injini, kwenye mwendo huo, na ukigusa breki inaachia. Mtetemo ukikatika wakati huohuo, basi ni konveta au mafuta ya giaboksi yamechoka. Usipokatika, huyo aliyekuuzia habari ya giaboksi mwambie bado.

La tano, mauntini, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Simama sehemu tambarare, hendibreki juu, mguu wa breki umekanyagwa kwa nguvu, boneti wazi, na MTU YEYOTE ASISIMAME MBELE WALA NYUMA YA GARI. Weka D, kanyaga mafuta kidogo sekunde tatu, kisha R vivyo hivyo. Anayeangalia kwa pembeni aone injini inanyanyuka kiasi gani. Ikiruka kama inataka kutoka, mauntini zimekatika. Usizidishe sekunde tano, mafuta ya giaboksi yanachemka haraka sana hapo.

Lete majibu, hata yale unayoona hayana maana.

Barabara_Ndefu | Jumapili, saa 4:41 usiku

Mzee shikamoo. Hilo la ovadraivu sikuwahi kulisikia. Nasubiri majibu, nikikosea nitakubali.

Mzee_Spana | Jumapili, saa 4:50 usiku

Marahaba. Hujakosea kutaja koili, ugonjwa wake unafanana sana na huu. Tofauti ni kwamba koili ikimisi inamisi hata ukiondoka kwenye taa ukiwa na 15, na mara nyingi taa ya injini inawaka, tena inapepesa. Kwenye mashine ya kusoma hitilafu utaona P0301 mpaka P0304, ile namba ya mwisho ndiyo silinda.

Mama_Goba | Jumanne, saa 1:45 usiku

Shikamoo mzee wangu. Majibu haya hapa, jana nilifanya na kaka yangu, leo nimerudia mwenyewe.

Kwenye P mpaka 3,000: kimya, injini inasikika vizuri.

N kwenye 60: kimya kabisa. Nikirudisha D bila kukanyaga, kimya. Nikikanyaga, inaanza.

Ovadraivu: injini ilipanda kutoka kama 1,800 mpaka 2,600 hivi. Mvumo haukubadilika kasi. Kaka alikuwa anapiga kiganja kwenye goti kufuata mapigo, akaendelea vilevile. Ila ulipungua ukali kidogo, sijui kwa nini.

Kugusa breki: hakuna mabadiliko.

Mauntini: kaka anasema injini inanyanyuka kidogo tu, hairuki.

Umesema nilete hata yasiyo na maana, basi hili hapa. Jumamosi nilipakia mifuko miwili ya saruji kwenye buti nyuma, na sauti ilikuwa mbaya kuliko siku zote, niliogopa. Leo asubuhi dada yangu, mwenye mwili mkubwa kuliko mimi, alikaa mbele kushoto mpaka Mwenge na sauti ilipungua nusu nzima. Nikamshusha, ikarudi. Nimejiuliza sana.

Mwalimu_Fizikia | Jumanne, saa 2:30 usiku

Dada, naomba jambo moja. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha sauti kama grafu ya masafa. Kaka akae na simu, aiweke sakafuni mbele ya kiti cha kushoto, mshike 60 ya GPS na siyo ya dashibodi maana dashibodi huwa inazidisha, arekodi wakati inavuma. Na nitajie saizi ya tairi iliyoandikwa ubavuni.

Mama_Goba | Jumatano, saa 3:12 usiku

Tairi ni 185/65R15. Grafu nimepiga picha. Kuna mlima mmoja mrefu kwenye mapigo 25 au 26 kwa sekunde, na mwingine mdogo kwenye mapigo 60. Nikishika spidi ya 50 ule wa kwanza ulishuka mpaka 21.

Mwalimu_Fizikia | Jumatano, saa 3:40 usiku

Asante sana, hii ni data safi. Hesabu yake hii hapa, na ni rahisi kiasi kwamba mtu yeyote anaweza kuirudia kwa gari yake.

Tairi ya 185/65R15 ina kipenyo cha kama sentimita 62, kwa hiyo ikizunguka mara moja inasogea karibu mita 1.95. Spidi ya 60 ni mita 16.7 kwa sekunde. Gawanya: tairi yako inazunguka mara 8.5 kila sekunde. Kama tairi ingekuwa haijabalansiwa au rimu imepinda, grafu ingeonyesha mlima kwenye 8 au 9, pigo moja kwa kila mzunguko. Wewe una 25 na nusu. Gawanya kwa 8.5 unapata 3. Nimejaribu na ile ya 50 pia: tairi mara 7.1, mlima 21, jibu ni 3 tena.

Ule mdogo wa mapigo 60 ni injini. Silinda nne zinalipuka mara mbili kwa kila mzunguko, mizunguko 1,800 kwa dakika ni 30 kwa sekunde, mara mbili 60. Hauna shida.

Kwa hiyo kuna kitu kwenye gari yako kinachozunguka kwa kasi ya tairi, na kinagonga mara tatu kwa kila mzunguko, na kinagonga pale tu nguvu inapopita. Mimi si fundi. Mzee Spana, ni kitu gani kule chini kina tatu?

Mzee_Spana | Jumatano, saa 4:05 usiku

Mwalimu, Mungu akubariki. Jointi ya ndani ya draivushafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka tairi. Sivi jointi ya nje, ile ya upande wa tairi, ina gololi sita, na ikichakaa inalia tak-tak-tak ukikata kona. Ya ndani, iliyochomekwa kwenye giaboksi, ina roli TATU juu ya nyota, zinateleza ndani ya kikombe chenye njia tatu. Watu wengi hawaijui kwa sababu haipigi kelele kwenye kona, na ukitikisa tairi ikiwa kwenye jeki huoni kitu.

Sasa binti, jibu swali moja kabla sijaandika zaidi. Gari yako imenyanyuliwa? Umeweka spesa, vile vipande vya kuinua gari, kwenye shokapu?

Mama_Goba | Jumatano, saa 4:11 usiku

Ndiyo mzee. Mwezi wa nne, mvua za masika zilipokuwa zinachimba barabara yetu nilikuwa nagonga chini kila siku. Nikawekewa spesa za mbele na nyuma, inchi moja na robo. Umejuaje?

Mzee_Spana | Jumatano, saa 4:48 usiku

Dada yako ndiye aliyeniambia, na saruji.

Chukua penseli, shika ncha mbili, ilale sawa. Hiyo ndiyo draivushafti gari ikiwa kwenye urefu wake wa kiwandani, au karibu. Sasa nyanyua ncha ya ndani. Giaboksi imepanda juu pamoja na bodi, tairi imebaki chini ardhini, shafti imelala kwa mteremko. Jointi ya ndani inaweza kuzunguka kwa pembe, imetengenezwa kwa ajili hiyo, lakini kila pembe inavyoongezeka zile roli zinalazimika kwenda mbele na nyuma ndani ya njia zao kwa kila mzunguko, huku zimebanwa na nguvu ya injini. Roli ikibanwa haizunguki vizuri, inaburuzika. Inasukuma shafti pembeni, mara tatu kwa kila mzunguko. Huo ndio mvumo wako. Ukiachia mafuta nguvu inaondoka, roli zinateleza bila kubanwa, kimya.

Mlimani unakanyaga zaidi na pua ya gari inanyanyuka, pembe inakua. Saruji kwenye buti inakalisha nyuma, pua inapanda. Dada akikaa mbele kushoto, kona ileile ya gari inashuka na pembe inapungua. Na kwenye IST giaboksi iko kushoto, kwa hiyo shafti ya kushoto ni fupi kuliko ya kulia. Ncha ya shafti fupi ikinyanyuka inchi moja, inalala kwa mteremko mkali zaidi kuliko ya ndefu. Naweka kidole changu kwenye jointi ya ndani ya KUSHOTO.

Kwa nini kwenye ovadraivu ukali ulipungua? Ukibaki 60 kwa mwendo uleule hukuongeza nguvu kwenye tairi, pengine ulilegeza mguu kidogo injini ilipopanda. Na juu ya 75 gari imeshapata mwendo wake, mguu umelegea, na mtetemo umepita ile kasi ambayo bodi inapenda kuitikia.

Ingia chini, au fundi aingie mbele yako, atazame ule mpira wa jointi ya ndani kushoto. Nataka kujua kama kuna grisi imerukia kwenye bodi ya giaboksi.

Kijana_Spesa | Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Mzee kwa heshima, mimi nina spesa za inchi moja kwenye IST mwaka wa tatu huu na sina mtetemo wowote. Tunaofunga spesa tunasingiziwa kila ugonjwa.

Mzee_Spana | Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Kijana, sikukanushi. Jointi nzima yenye grisi nzuri inavumilia pembe hiyo muda mrefu. Lakini gari nyingi tunazonunua zina miaka 20, njia za ndani ya kikombe zimeshachongwa na roli mahali zilipozoea kukaa. Ukinyanyua gari unazihamisha roli hadi sehemu nyingine ya njia, zinapanda kwenye ukingo wa ule mchongo. Moja inavumilia, nyingine inalia wiki ileile, nyingine miezi minne kama hii. Ninachoomba mnaofunga spesa: mwambieni mteja, na mkague ile mipira miwili ya ndani kabla na baada. Dakika kumi.

Kijana_Spesa | Alhamisi, saa 1:44 asubuhi

Nimekuelewa mzee. Leo nakagua yangu.

Mama_Goba | Ijumaa, saa 2:20 usiku

Nimeangalia. Mpira wa ndani kushoto umechanika kando ya klipu kubwa, mpasuko wa kama sentimita nne, hauonekani mpaka uzungushe tairi kwa mkono. Grisi nyeusi imetapakaa kwenye giaboksi na kwenye chuma cha pembeni, imeshakauka na vumbi. Kulia pamekauka safi, mpira mzima.

Nifanye nini sasa mzee, mpira tu au shafti nzima?

Mzee_Spana | Ijumaa, saa 2:55 usiku

Mpira umechanika na jointi imeshalia miezi kadhaa, grisi imetoka na mchanga umeingia. Kuweka mpira mpya juu ya chuma kilichochongwa ni kumfunika mgonjwa shuka. Tafuta shafti ya kushoto. Ya mtumba inafaa kama ukiichagua vizuri: shika kikombe cha ndani kwa mkono mmoja, shafti kwa mwingine, zungusha huku na huku. Usisikie tiki yoyote. Isukume ndani na kuvuta nje, iteleze kama siagi. Hesabu meno ya ncha zote mbili ulinganishe na ya kwako, na kama gari ina ABS angalia ile pete yenye meno kwenye jointi ya nje ipo na inalingana. Usiruhusu wakuuzie ya Vitz ya cc 1000 kwa maneno ya "zinaingiliana."

Na spesa za mbele zitoke. Ukiziacha, shafti mpya inaingia kwenye mateso yaleyale.

Mama_Goba | Ijumaa, saa 3:02 usiku

Barabara ya huku mzee, nitagonga chini.

Mzee_Spana | Ijumaa, saa 3:15 usiku

Najua barabara hiyo. Angalia shokapu na springi zako kwanza, nina shaka gari ilikuwa imekaa chini kwa sababu springi za mbele zimelegea, na spesa ilificha hilo. Springi nzima zitakurudishia urefu halali. Ukitaka kuongeza zaidi bila kuumiza shafti, ni tairi yenye kipenyo kikubwa kidogo tu, maana hiyo inanyanyua gari na habu, pale tairi inapofungwa, kwa pamoja, pembe haibadiliki. Faida yake ni milimita chache, na uhakikishe haisugui ukikata kona mpaka mwisho.

Mama_Goba | Jumapili, saa 1:30 usiku

Wakuu, kazi imefanyika jana. Nilikaa pale mwanzo mpaka mwisho, nilitaka kuona kwa macho yangu.

Fundi alilegeza ile nati kubwa ya habu kwa soketi ya 30 gari ikiwa bado chini, tairi iko ardhini, kwanza akakunjua ule ukingo wa nati uliogongwa kuifunga. Akapiga jeki akaweka stendi. Akafungua tairodi endi na boljointi ya chini, habu ikasogea nje, ncha ya shafti ikatoka. Chini ya giaboksi aliweka beseni, akachomeka bapa la chuma kati ya kikombe na giaboksi, akagonga mara moja, kikatoka na mafuta mekundu yakamwagika kiasi cha kikombe cha chai. Sili ya giaboksi akabadilisha palepale kwa sababu mdomo wake ulikuwa mgumu kama plastiki.

Halafu nikamwomba afungue jointi ya zamani. Grisi iliyobaki ilikuwa kama uji wa ulezi uliochanganyika na mchanga, ukiisugua kwa vidole inakwaruza. Akafuta kikombe kwa petroli akanipa nipitishe ukucha ndani ya zile njia tatu. Upande mmoja wa kila njia ukucha unateleza. Upande wa pili, ule unaobeba nguvu gari ikienda mbele, ukucha unadondoka kwenye shimo, unapanda, unadondoka tena. Njia zote tatu, mahali palepale. Nilikumbuka kaka yangu anavyopiga kiganja kwenye goti.

Shafti ya mtumba nilinunua 110,000 baada ya kukataa tatu, mbili zilikuwa na tiki na moja meno hayakulingana. Fundi alifungua mpira wake wa ndani, akasafisha, akaweka mpira mpya na pakiti nzima ya grisi iliyokuja nayo. Nati ya habu aliweka mpya, akafunga kwa spana ya kupimia, 216 Nm, akagonga ukingo. Springi za mbele kweli zilikuwa zimelegea, nimeweka pea ya mtumba iliyo nzima, spesa za mbele zimetoka. Za nyuma nimezitoa pia ili pua isibaki chini kuliko mkia. Mafuta ya giaboksi tuliongeza aina iliyoandikwa kwenye kijiti, injini ikiwaka, gia ikishapitishwa zote na kurudi P, tukapima yakiwa ya moto.

Nikaendesha mpaka Mbezi na kurudi, mlima wote, mguu kwenye mafuta. Wakuu, nililia kidogo. Kimya.

Barabara_Ndefu | Jumapili, saa 1:52 usiku

Hongera sana dada. Mimi nimejifunza na nakubali, koili haikuwa yenyewe.

Probox_Kirinyaga | Jumapili, saa 2:03 usiku

Hongera. Usisahau alaimenti, springi zikibadilishwa na spesa zikitoka tairi zinabadilisha mwelekeo, utakula tairi mwezi mmoja.

Noah_Mwanza | Jumapili, saa 2:40 usiku

Samahani kwa kuingilia. Noah yangu inavuma kuanzia 50, nikikanyaga au nikiachia ni uleule, nikikata kidogo kulia kwenye 80 unazidi, nikikata kushoto unapotea. Nayo ni jointi?

Mzee_Spana | Jumapili, saa 3:00 usiku

Hiyo haijali mafuta, kwa hiyo si jointi. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto. Beringi ya kushoto. Piga jeki, shika springi ya upande huo kwa vidole huku mwenzako anazungusha tairi, utausikia mkwaruzo mkononi kabla ya sikioni. Fungua uzi wako na kilomita za gari, tuendelee huko.

Mwalimu_Fizikia | Jumapili, saa 3:20 usiku

Dada, hongera. Ombi la mwisho, kama hutachoka: rekodi tena kwa 60 ileile, simu sehemu ileile.

Mama_Goba | Jumatatu, saa 1:15 usiku

Alaimenti nimefanya leo mchana. Rekodi ndiyo hii nimeweka, kaka alishika simu palepale. Kwenye 25 mstari umelala. Umebaki ule mdogo wa mapigo 60 peke yake.